Fahari ya Duka si Wingi wa Milango

Msimu wa kahawa unapofika, fedha huingia Igamba na katika vijiji vingine vya Wilaya ya Mbozi. Mkulima akishatenga ada ya shule na bei ya mbolea, huanza kufikiri juu ya redio, televisheni, simu au taa ya nguvu za jua. Hununua papo hapo Igamba, au huenda Vwawa na Tunduma. Fedha hiyo ni jasho la mwaka mzima. Kwa hiyo habari ya maduka makubwa yaliyoinuka na kuanguka katika Afrika ya Mashariki siyo habari ya watu wa mijini peke yao.

Tulitazame duka la Nakumatt. Lilianzia Nakuru, nchini Kenya, kwa biashara ya magodoro, na jina lake latokana na mji huo na magodoro hayo. Baadaye likaongeza vyakula, nguo na vyombo vya nyumbani, kisha televisheni, majokofu na mashine za kufulia. Likaenea Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania, hata likawa na matawi zaidi ya 60. Hapa kwetu lilifungua mlango Moshi mwaka 2011, na mwaka 2014 likachukua maduka ya Shoprite ya Dar es Salaam na Arusha. Wengi waliona ndani yake ushahidi kwamba watu wa Afrika ya Mashariki waweza kuendesha biashara kubwa wenyewe, na fahari hiyo ilikuwa na haki yake.

Lakini kufika mwaka 2017 rafu zilikuwa tupu, na wenye majengo walikuwa wakidai kodi zao. Januari 2018 mahakama ya Nairobi ikaliweka duka chini ya msimamizi. Matawi 6 ya mwisho yakauzwa kwa Naivas kwa shilingi milioni 422 za Kenya, hali madeni yalikuwa yamepita bilioni 30. Januari 2020 wadai wakapiga kura lifilisiwe.

Mambo haya hayakuletwa na uchawi. Duka kubwa huchukua bidhaa kwa mkopo, likaahidi kulipa baada ya miezi miwili au mitatu. Lakini mnunuzi hulipa taslimu leo. Basi sehemu kubwa ya fedha iliyo mezani siyo mali ya duka. Ni mali ya mwenye kiwanda, ya mwenye maziwa na ya mkulima wa mboga. Fedha hiyo ikitumiwa kufungua tawi jipya, hapana budi tawi hilo lizae upesi. Lisipozaa, mleta bidhaa halipwi, asipolipwa haleti, asipoleta, mnunuzi hukuta rafu tupu akaenda kwingine. Hapo hata fedha ya kulipia deni la jana hukosekana. Na siku ya kufilisiwa, benki iliyoshika dhamana hutangulia, na mtu mdogo aliyeleta mali yake kwa imani hungoja nyuma.

Wako watakaosema kwamba hayo ni makosa ya matajiri binafsi tu. Sisi hatukubali. Duka la Uchumi lilianzishwa Kenya mwaka 1975 kwa mkono wa serikali. Mwaka 2006 lilifunga milango, likafufuliwa, na mwaka 2015 likafunga matawi yake ya Tanzania na Uganda. Hapa kwetu, makampuni ya biashara ya mikoa yaliyozaliwa katika miaka ya 1970 hayakudumu kuwa nguzo ya biashara kama ilivyotarajiwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari haliulizi kama mwenye mali ni tajiri mmoja au umma mzima.

Wafanyakazi nao wana somo lao kutoka Marekani. Kampuni ya Circuit City, iliyoanzishwa Richmond mwaka 1949, ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa televisheni na redio nchini humo. Machi 2007 iliwaachisha kazi watu 3,400 kwa sababu mishahara yao ilionekana kuwa mikubwa, ikataka kuwaweka wengine wa bei rahisi. Hao walikuwa ndio wenye kumweleza mnunuzi chombo hiki kinafaa nini na kile kina kasoro gani. Novemba 2008 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama. Machi 2009 duka lake la mwisho likafungwa, na watu wapatao 34,000 wakakosa kazi. Ushindani na shida ya mikopo ya wakati ule vilichangia, lakini kuutupa ujuzi hakukuiokoa.

Mnunuzi pia huumia. Televisheni huuzwa pamoja na karatasi ya dhamana; duka likifa, karatasi hiyo hubaki karatasi tu.

Basi twasema hivi. Mwenye duka, awe wa Igamba au wa Dar es Salaam, atenge fedha ya wadai wake kabla ya kufikiri juu ya tawi la pili. Mkataba wa kupokea bidhaa utaje siku ya kulipa, na siku hiyo iheshimiwe. Mshahara ulipwe kwa wakati, na mjuzi wa kazi asitupwe kwa tamaa ya senti. Viongozi wa vyama vya ushirika wanaotaka kufungua maduka wasome hesabu mbele ya wanachama, na mwanachama asione haya kuuliza.

Twapenda maduka yetu yakue. Lakini yakue kwa faida yao wenyewe, siyo kwa jasho la mtu ambaye bado anangoja kulipwa.