Wana Itigi, Msitupe Mikanda

Ndugu zangu wa Itigi mjini, pamoja nanyi wa Mitundu, Rungwa na Aghondi: kabla hamjamwita kijana wa skrepa aje abebe deki iliyokufa na gunia la mikanda na CD lililosukumwa chini ya kitanda, nawaomba mnisikilize kwanza. Gunia hilo lisiondoke. Na hata deki msimpe haraka. Kampuni ya mwisho duniani iliyokuwa ikitengeneza deki za mikanda, Funai ya Japani, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Deki iliyokufa kwa jirani yako ndiyo spea ya ile inayokohoa kwako.

Nasema haya kwa sababu majumbani tunafagia. Flashi moja ndogo inabeba muvi kuliko gunia zima, simu imegeuka kuwa televisheni, na king'amuzi kinaleta tamthilia za Kituruki zikiwa zimeshatiwa Kiswahili kabla hatujaziomba. Nani ana haja tena na CD zenye mikwaruzo? Wengine wamezitoboa, wakazifunga kamba na kuzitundika kwenye shamba la uwele ziwatishe ndege. Ukisogea karibu unakuta upande mmoja unang'aa juani, na upande wa pili bado una sura ya muigizaji ameshika bastola, na jina la filamu limebaki nusu. Ndege wamezizoea. Filamu ndiyo imekwisha.

Naomba tukumbushane tulipotoka. Tanzania Bara iliishi muda mrefu bila kituo cha televisheni. Zanzibar walikuwa nacho tangu miaka ya 1970, tena cha rangi, lakini huku bara vituo vya binafsi vilianza mwaka 1994, na televisheni ya taifa, TVT, mwaka 2000. Kwa hiyo kwa wengi wetu video ilitangulia televisheni. Ilikuja kwa treni na kwa basi, mkanda mmoja mmoja, ikaingia kwenye kibanda umiza chenye mabenchi ya mbao, giza, jasho na jenereta lililokuwa likizimika pale pale adui alipomnyooshea steringi bunduki. Anayesema taharuki inafundishwa darasani hajawahi kukaa gizani akingoja mwenye kibanda arudi na petroli.

Ndani ya vibanda hivyo ndimo filamu za Marekani, Hong Kong na India zilipozungumza Kiswahili. Derek Gaspar Mukandala, ambaye wengi walimjua kwa jina la Lufufu, alizieleza kwa sauti yake mwenyewe: anatafsiri, anaongeza utani, anamkanya steringi asifungue mlango. Hata Titanic aliitafsiri. Kenya nao walimpata DJ Afro kwa kazi ya namna hiyo. Watu walikuwa wakienda kununua mkanda wa Lufufu kwa ajili ya Lufufu, filamu ikawa kisingizio tu.

Kisha zikaja zetu wenyewe. Mwaka 2003 George Tyson aliongoza filamu ya Girlfriend, na ikadhihirika kuwa mtu yuko tayari kutoa fedha zake kununua filamu ya Kiswahili akaitazame nyumbani. Mussa Banzi akatuletea Nsyuka na Shumileta, filamu za mizimu na majini ambazo ziliwafanya watu wazima waombe kusindikizwa chooni usiku. Steven Kanumba akafuata na wenzake, hadi akacheza na Ramsey Nouah wa Nigeria katika Devil Kingdom. Kwa kipindi cha miaka kumi hivi, kila mwezi Kariakoo, Dar es Salaam, ilimwaga filamu mpya, na Steps Entertainment ikawa jina ambalo hata mtoto alilisoma kwenye kava.

Zilikuwa nzuri zote? Hapana, tuseme ukweli. Katika nyingine unasikia pikipiki ya mtaa wa pili kuliko unavyomsikia muigizaji. Nyingine zina jina la Kiingereza lisilohusiana na kisa. Polisi wanafika kwa miguu, na muuaji unamjua tangu dakika ya tano kwa kuwa ndiye pekee aliyevaa miwani ya jua sebuleni. Lakini humo tunaona mitaa yetu ilivyokuwa, simu tulizoshika, mishono tuliyovaa, jinsi tulivyogombana na tulivyoogopa. Na wengi waliozitengeneza hatunao. Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012, Sajuki Januari 2013, Adam Kuambiana na George Tyson wote Mei 2014. Kilichobaki cha kazi yao ni kile kilichouzwa.

Hapa ndipo ombi langu linapopata uzito. Nyingi ya filamu hizo hazikupita kwenye jumba la sinema wala hazikuingia maktaba. Zilirekodiwa, zikahaririwa kwenye kompyuta ya mtu, zikadurufiwa na kupelekwa sokoni. Kompyuta zimekufa, maduka yamebadili biashara, yanauza vifaa vya simu. Huenda nakala iliyosalia ni ile uliyoinunua wewe stesheni kwa chenji ya nauli.

Mtu atasema: Itigi hii? Kama ni kuhifadhi, si Dar es Salaam kwenyewe? Basi sikilizeni kisa cha Jos. Shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilikuwa likifuta kanda za vipindi vyake vya zamani ili zitumike tena. Tamthilia yao mashuhuri, Doctor Who, ikapotea vipande vingi. Walitafuta London miaka na miaka. Oktoba 2013 ikatangazwa kwamba vipande 9 vya miaka ya 1967 na 1968 vimepatikana, na havikupatikana London. Vilikuwa Jos, mji wa bara huko Nigeria, kwenye stoo ya kituo cha televisheni, vimekaa kwenye vumbi lao kwa miongo. Kilichoviokoa ni kwamba pale Jos hakuna aliyepata wazo la kuvitupa.

Marekani nao, kwa utajiri wote ule, walizembea. Maktaba ya Bunge la nchi hiyo ilitoa utafiti mwaka 2013 kuhusu filamu ndefu zisizo na sauti zilizotolewa kati ya 1912 na 1929. Zilikuwa karibu 11,000. Zilizobaki kamili, kama zilivyotoka mara ya kwanza, ni asilimia 14. Nasi tumeshaonja hasara hiyo kwenye vitabu: jaribu leo kutafuta Willy Gamba wa Elvis Musiba au Joram Kiango wa Ben Mtobwa katika chapa za mwanzo, riwaya zilizokuwa zikisomwa hadi kava linadondoka, uone utazunguka maduka mangapi.

Tena Itigi ina faida ambayo Kariakoo haina. Mkanda wa video unauawa na unyevu. Hewa ya pwani huotesha ukungu kwenye utepe, na utepe wenye ukungu ukiuingiza kwenye deki unachafua kichwa cha deki, kisha kichwa nacho kinachafua mkanda unaofuata. Sisi huku bara kukavu, miezi mingi hatujui tone la mvua, ukungu hauna raha. Adui zetu ni vumbi, mchwa anayependa karatasi ya kava, na jua la dirishani. Hao tunawaweza.

Basi Jumamosi moja, kazi za shamba zikipungua, vuteni hilo gunia. Mkanda utazameni kwanza kupitia kidirisha chake: ukiona weupe kama unga kwenye utepe, msiucheze, uwekeni kando mumwonyeshe fundi. Ulio mzima rudisheni mwanzo, muusimamishe wima kama kitabu, si kuulaza. CD ishikwe ukingoni. Ikiwa na vumbi, maji safi na tone la sabuni vinatosha, kisha ikaushwe kwa kipande cha kanga kuukuu, ukifuta kutoka kwenye tundu kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Wengi tunafuta kwa kuzungusha, na hilo ni kosa, maana picha imeandikwa kwa kuzunguka hivyo hivyo. Mkwaruzo unaofuata njia yake unakula kipande kirefu, unaoikata unakula kidogo tu. Na jambo ambalo wengi hawalijui: kwenye CD ya kawaida, upande dhaifu ni ule wa juu, wenye picha, kwa kuwa utando unaobeba filamu umelala mara tu chini ya rangi. Usiandike hapo kwa kalamu ya bik. Andika kwenye kava.

Kisha chukueni daftari la shule. Jina la filamu, aliyeiongoza, kampuni iliyoisambaza, mwaka kama umeandikwa. Angalieni kama kuna stempu ya kodi ya TRA: stempu hizo zilianza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013, kwa hiyo nakala yenye stempu halali haikubandikwa kabla ya hapo. Ni njia rahisi ya kukadiria nakala iliuzwa lini hata kama tarehe imefutika. Na muandike ni pati ya ngapi.

Hili la pati lina mambo. CD ya video ya zamani ilibeba kiasi cha dakika 74 hadi 80, filamu ndefu haikutosha. Wafanyabiashara wakaona neema: kata kisa mahali pabaya kabisa, mlango unafunguka, mwanamke anapiga kelele, andika "itaendelea", na mnunuzi atarudi dukani. Tulirudi. Lakini si wote, wala si kwa kila filamu. Ndiyo maana leo nyumba moja ina pati ya kwanza, na ya pili iko kwa mwalimu aliyehamia kutoka Manyoni, au kwa dereva wa malori ya jasi, au kwenye nyumba za watumishi wa hospitali. Daftari likipita nyumba kumi, pati zitaanza kukutana. Kijana mmoja mwenye kidato cha nne na baiskeli anaiweza kazi hiyo katika likizo yake.

Tuhifadhi zipi, maana nafasi hatuna? Kwangu mimi, zile diski za Kichina zenye muvi thelathini kwa pamoja muwape watoto wachezee. Tamthilia za Kimarekani kama Prison Break na 24 zimejaa duniani, masteringi wake Scofield na Jack Bauer hawatatuhitaji. Lakini ukikuta muvi yoyote ya Kimarekani au ya Kihindi yenye sauti ya Lufufu, hiyo ni mali, hata kama picha inaruka. Sauti ile hailetwi na kampuni yoyote ya Marekani. Mikanda ya miaka ya mwanzo ya 2000 ije kwanza kuliko CD, kwa kuwa inachakaa mapema na vyombo vya kuichezea vinakwisha. Na kati ya filamu zetu, msianze na maarufu. Ile ambayo hukumbuki uliinunua lini, yenye waigizaji usiowafahamu, ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kuwa imebaki peke yake.

Niseme na la sheria, tusije tukaharibu jambo jema. Kutunza nakala uliyonunua ni haki yako. Kuichoma ukauza, au kuitundika mtandaoni, si haki yako; Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mwenye kazi, na wasanii wetu wameibiwa vya kutosha. Na mkitaka siku moja kuwakusanya watu kuonyesha filamu hizo hadharani, hilo linataka kibali chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Mwoneni afisa utamaduni wa halmashauri mapema, mumwonyeshe daftari, naye awasiliane na Bodi ya Filamu. Filamu za mauaji na mizimu zisionyeshwe mbele ya watoto, hata kama sisi tulizitazama tukiwa watoto.

Wenye vibanda umiza, wa sasa na waliofunga, nawaomba kwa namna ya pekee. Nyinyi mna makasha kuliko sisi wote, na mnakumbuka kipi kilijaza benchi na kipi kiliwafanya watu wadai hela zao. Mumweleze kijana wa daftari, ayaandike. Nanyi mafundi redio wa sokoni, ikija deki yenye kichwa kizima, msiitoe vipande kabla hamjauliza nani Itigi ana mikanda inayongoja kutazamwa.

Mvua za Desemba zikianza mabati yatavuja, na gunia lililo chini ya kitanda ndilo la kwanza kulowa. Liinueni kabla ya hapo. Na aliye na pati ya pili ya filamu yoyote, bila ya kwanza, tafadhali ajitokeze.