Mgonjwa wa Neva na Kidonge cha Lehemu

Mwaka 2007 wataalamu wa kituo cha Uppsala, Sweden, kinachokusanya taarifa za madhara ya dawa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani, walikuta jambo lililowatia wasiwasi. Katika taarifa za ugonjwa wa ALS na hali zinazofanana nao, dawa zilizotajwa mno zilikuwa statini, zile za kupunguza lehemu kwenye damu. ALS huua neva zinazoendesha misuli, mpaka mgonjwa ashindwe kutembea, kumeza na hatimaye kupumua. Hofu iliyozaliwa hapo haijakwisha.

Marekani nako Mamlaka ya Chakula na Dawa ilikuwa imepokea taarifa za aina hiyo, ikaamua kurudi kwenye majaribio 41 ya muda mrefu. Matokeo yalitoka mwaka 2008. Kati ya watu wapatao 64,000 waliopewa statini, 9 walipata ALS. Kati ya wapatao 56,000 waliopewa vidonge visivyo na dawa, walipata 10. Mbona basi taarifa za awali zilitisha? Taarifa za madhara huhesabu waliougua tu. Hazisemi ni wangapi walimeza kidonge kilekile wakabaki salama. Statini humezwa na mamilioni ya watu wa makamo na wazee, na ALS nayo huwapata zaidi watu wa umri huohuo, kwa hiyo ni lazima wengine wawe na vyote viwili. Kweli, wagonjwa 19 ni wachache, na jaribio la miaka michache haliondoi kila shaka kuhusu maradhi yanayojijenga polepole. Hata hivyo, kwa mtu ambaye moyo au mishipa yake ya damu iko hatarini, kuacha dawa kwa shaka hiyo ni kukaribisha kiharusi, ambacho ushahidi wake hauna utata.

Hoja nyingine ninayoisikia ni kwamba ubongo umejaa lehemu, basi kuipunguza ni kuunyima chakula. Ubongo kweli hubeba takriban moja ya tano ya lehemu yote mwilini. Ila hujitengenezea yake, kwa kuwa lehemu iliyomo kwenye damu haivuki kizuizi kinachotenga damu na ubongo. Mwaka 2012 mamlaka hiyohiyo iliongeza kwenye maelezo ya statini tahadhari kuhusu usahaulifu na kuchanganyikiwa, ikieleza kuwa kwa kawaida hali hiyo si kali na huondoka dawa ikiachwa.

Wapo pia waliotumaini kwamba statini zingetibu. Wagonjwa 640 wa Alzheimer walifuatiliwa kwa wiki 72 katika jaribio la atorvastatini, na wagonjwa 235 wa Parkinson walijaribiwa simvastatini nchini Uingereza. Hakuna hata moja kati ya majaribio hayo mawili lililoonyesha kwamba dawa ilipunguza kasi ya ugonjwa. Basi anayeuza tumaini hilo asisikilizwe, sawa na anayeuza hofu.

Linaloniumiza ni swali linaloachwa nyuma ya kelele hizi: huyu ambaye tayari anaumwa, kidonge kinamfaa nini leo? Statini huweza kuleta maumivu na udhaifu wa misuli, na mara chache huivunja misuli vibaya. Ndiyo maana mwaka 2011 Marekani iliwekea mipaka simvastatini ya miligramu 80. Mtu mwenye afya akiumwa mapaja, atasema na daktari wake, nao watabadilisha dawa. Mgonjwa wa ALS akilegea zaidi, kila mtu hudhani ni ugonjwa unasonga mbele. Mgonjwa wa dimenshia huenda asiweze hata kueleza kwamba anaumwa. Dalili ya dawa hujificha ndani ya dalili ya maradhi, na pasipo mtu wa kuuliza, kidonge huendelea kumezwa kwa mazoea.

Lipo pia suala la muda. Statini humlinda mtu kwa miaka, si kwa wiki. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliohusisha wagonjwa 381 ambao madaktari waliwakadiria kubakiwa na mwezi mmoja hadi mwaka mmoja wa kuishi. Karibu nusu yao walikuwa na saratani, na baadhi akili zao zilikuwa zimedhoofika. Walioacha statini hawakuonekana kufa haraka zaidi ndani ya siku 60, na hali yao ya maisha ilikuwa bora kidogo. Sisemi matokeo hayo yabebwe mzimamzima kwa kila mgonjwa. Mzee mwenye Parkinson ya mwanzo aliyewahi kupata mshtuko wa moyo bado ana sababu nzito ya kuendelea na dawa yake. Mwenye ALS anayesakamwa na kila tonge, aliyeandikiwa kidonge miaka kumi iliyopita kwa sababu ya kipimo kimoja tu cha lehemu, hali yake ni nyingine kabisa.

Kwa hiyo anayemuuguza abebe vidonge vyote hadi kliniki, amwambie daktari misuli ilianza kulegea lini na kila dawa ilianzishwa au kuongezwa lini. Aombe kipimo cha damu cha kimeng'enya cha misuli. Na daktari, kama moyo wa mgonjwa unaruhusu, apange wiki kadhaa za kusimamisha dawa huku nguvu za miguu zikipimwa kabla na baada.