Kirumba: Vita vya Lubero visisimuliwe bila watu wa Lubero

KIRUMBA, wilaya ya Lubero – Tangu mwisho wa mwezi wa sita 2024, wakati M23 ilipoingia Kanyabayonga na kisha Kirumba, habari za huku zimekuwa hesabu tu: familia ngapi zimehama, mji gani umeanguka, nani amekanusha. Mama aliyekimbia na mtoto mgongoni hadi Butembo anajisikia kwenye redio kama namba. Jina lake halimo. Shamba lake la maharagwe halimo.

Na bado kuna watu wanaosema kwamba vitabu, sinema na mikutano ya waandishi ni mambo ya walioshiba. Mwandishi wa riwaya, wanasema, aandike mapenzi, siasa awaachie wanasiasa. Maneno hayo yana sura ya huruma, lakini yanamnyang'anya mkimbizi mali ya mwisho aliyotoka nayo nyumbani: kisa chake.

Wanasiasa wenyewe wanajua nguvu ya kisa. Mwezi wa saba 1977, Ngugi wa Thiong'o wa Kenya alitoa riwaya ya Kiingereza, Petals of Blood, iliyowashambulia wakubwa walionyakua matunda ya uhuru. Hakuguswa. Mwai Kibaki, wakati huo waziri wa fedha, ndiye aliyeizindua. Miezi michache baadaye, Ngugi pamoja na Ngugi wa Mirii waliandaa mchezo wa kuigiza kwa Kikuyu kule Kamiriithu. Waliocheza ni wakulima na vibarua wa kijiji. Serikali iliufunga mchezo mwezi wa 11, na mwaka ulipokuwa unaisha Ngugi akatiwa gerezani bila kesi, karibu mwaka mzima.

Jambo ni wazi. Mkubwa haogopi kitabu ambacho raia hawezi kukisoma. Anaogopa maneno ambayo mkulima anayaelewa na kuyarudia jioni kando ya moto.

Kosa hilo la kuwaacha watu nje si geni. Mwaka 1962, waandishi wa Afrika walikutana Makerere, Kampala, mji ambao wafanyabiashara wa Butembo wanaujua vizuri. Mkutano ulikuwa wa wanaoandika Kiingereza. Shaaban Robert, bingwa wa Kiswahili aliyefariki mwaka huohuo, hakuwa na nafasi humo. Ngugi alialikwa akiwa bado mwanafunzi, na baadaye aliukosoa mkutano huo kwa sababu hiyo.

Leo vita vya mashariki vinajadiliwa kwa Kifaransa, Kinshasa na Ulaya. In Koli Jean Bofane aliviingiza katika riwaya yake Congo Inc., iliyotoka 2014. Ni kazi yenye nguvu. Lakini bibi wa Kirumba anayesema Kinande na Kiswahili ataisikia wapi?

Atakayesema "kwanza chakula, hadithi baadaye" aangalie Kisangani. Mwezi wa sita 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana mjini humo kwa siku sita. Raia walikufa, wengine wakakatwa miguu na mikono. Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, aliwafuata walemavu hao na kamera kwenye mashua, wakishuka mto hadi Kinshasa kudai fidia. Filamu yake, En route pour le milliard, ilitoka 2020. Ndani yake wanaosema ni wahanga wenyewe. Wangapi waliohama Lubero wamewahi kuonyeshwa?

Tarehe 9 mwezi wa pili 2022, Korti ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa vita vya miaka ile. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya bilioni 11. Korti ilisema, tena na tena, kwamba ushahidi ulioletwa hautoshi: watu wangapi walikufa, nani alipoteza nini, wapi, siku gani. Riwaya na filamu si hati za korti. Lakini watu wasiosimulia na kuandika mapema, siku ya hesabu hukuta mikono mitupu.

Basi mnaopanga jioni za fasihi Goma, Butembo na Kinshasa, pelekeni usomaji mmoja kwa Kiswahili na Kinande mahali waliohama wanapolala. Wenye vyumba vya video, pamoja na filamu za kupigana kutoka ng'ambo, onyesheni moja ya Kisangani. Waandishi, msije na daftari tupu mkaondoka na kisa cha mtu bila kurudi kumsomea mlichoandika. Na anayebaki kijijini chini ya bunduki, jina lake lifichwe. Kisa hakina haki ya kumuua mwenyewe.

Na ninyi familia zilizohama: daftari moja la shule linatosha. Andikeni siku mliyotoka, njia mliyopita, majina ya waliobaki, shamba lilipo na mpaka wake. Asiyejua kuandika amwambie mtoto aandike. Msipoandika, wengine wataandika kwa niaba yenu, na ndani ya kitabu chao mtabaki namba.