KITUNGUU BILA DAFTARI

Hapana chungu kinachotelekwa Jang'ombe bila ya kitunguu maji. Mwenye nacho hukikaanga, na mnyonge hukikaanga. Lakini vitunguu vingi tunavyokula hapa Unguja huvuka bahari kutoka Bara, ambako Mang'ola na Ruaha Mbuyuni zimepata jina kwa zao hili. Ndugu zetu wa Bara hatuwaonei choyo. Twajiuliza sisi wenyewe twafanya nini na ardhi yetu.

Siku hizi mkulima wetu huambiwa: lima kilimo hai, wacha mbolea ya chumvichumvi na dawa za sumu, utapata faida. Maneno mazuri. Lakini wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi na tulifungue daftari.

Kwanza, matumizi. Mkulima huyu hanunui mbolea ya dukani, ambayo bei yake ilipanda dunia nzima mwaka 2021 na 2022. Lakini samadi nayo yataka kukusanywa, kuozeshwa na kuchukuliwa. Tena majani ya kitunguu ni membamba, hayaifuniki ardhi. Magugu humea upesi na palizi ni ya mkono. Kazi hiyo mara nyingi ni ya kina mama, wala haiandikwi popote. Sisi twasema iandikwe. Jasho la mama lina ujira wake.

Pili, mapato. Mavuno mara nyingi hupungua, khasa miaka ya mwanzo. Kwa hivyo faida haina budi itoke katika bei. Hapa ndipo penye ugonjwa. Polo la kitunguu hai likifika Darajani bila ya alama, mnunuzi atalitambuaje? Bei huwa ile ile, na mkulima amefanya kazi ya watu wawili kwa ujira wa mmoja.

Dawa ipo, nayo ni umoja. Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilipitisha kanuni moja ya kilimo hai, na alama yake ni Kilimohai. Wakulima wadogo waweza kuipata kwa vikundi, kwa kukaguana wenyewe kwa wenyewe. Kikundi chaweza kukubaliana bei na hoteli za Nungwi na Paje kabla miche haijatiwa ardhini. Chaweza kujenga banda la kukaushia. Maana kitunguu kilichokauka shingo hungoja bei, na kibichi huuzwa kwa bei aitakayo dalali.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 wakulima waligaiwa eka 3 kila mmoja ili wale jasho lao. Jasho haliliki ikiwa bei hupangwa na mwengine. Wanachama wa matawi ya shamba, kaeni pamoja, andikeni hesabu ya msimu mmoja, palizi na samadi ndani yake, kisha ndipo mshike jembe. Nanyi wa mjini, mkienda sokoni iulizeni alama. Mkulima peke yake na polo lake hana sauti. Wakulima ishirini na daftari moja watasikilizwa.