GITAA SI VYOMBO VYA WAGENI



Najua mko bize na testi, na wengine mnaangalia simu kila dakika kama boom limeingia (halijaingia, nimeshaangalia). Lakini kuna jambo limenikaa kooni na nisipolitoa leo sitasoma. Ni hili suala la gitaa langu. Tangu lifike hapa Ilomba kila mtu kageuka mshauri, na ushauri wenyewe, samahanini sana, ni mbovu.

Kwa ambao hawajaliona: ni Yamaha Pacifica, gitaa la umeme, jekundu, la mtumba, lina mkwaruzo mmoja mgongoni ambao lilikuja nao. Limenunuliwa kwa hela ya viazi. Misimu miwili mizima ya kulima na mama kule Uporoto, kupalilia, kupiga dawa, kubeba magunia mpaka barabarani. Siyo hela ya boom kama wanavyosema jamaa fulani. Hilo nimelisema kwa mara ya mwisho!!

Sasa huo ushauri. Mmoja kaniambia uza, mwanafunzi wa mwaka wa pili gitaa la nini. Mwingine, na huyu ni rafiki yangu kabisa, kaniambia lipeleke kwa baba mdogo lifungiwe, utalichukua ukimaliza chuo. Wa tatu eti litundike ukutani, geto litatoka vizuri kwenye picha. Ukiwasikiliza unaweza kudhani wanapingana. Hawapingani hata kidogo. Wote wanaamini kwamba kitu cha thamani kikishapatikana, kazi yake ni kukaa tu.

Na imani hiyo najua tumeitoa wapi. Nyumba nyingi tulizokulia, iwe Tukuyu, Njombe au Makambako, sebuleni pana kabati la vioo. Ndani yake kuna vyombo vya wageni: sahani za maua, bilauri za miguu mirefu, birika ambalo halijawahi kuona chai. Sie watoto tulikula kwenye sahani za plastiki, na ole wako uguse lile kabati. Siku mgeni akija kweli, ufunguo haupatikani, naye anaandaliwa kwenye plastiki hizo hizo. Bahati mbaya Kiswahili chetu kimeziita sahani vyombo, na magitaa nayo kimeyaita vyombo, basi watu wetu wakaona dawa ni moja tu, kabati na kufuli.

Nitawapa mfano niliouona kwa macho yangu. Kuna kanisa moja, silitaji na msinilazimishe, lililetewa vyombo na wafadhili. Gitaa la solo, besi, kinanda, amplifaya mbili. Sisi vijana wa kwaya tulicheza siku ile mpaka jasho. Kesho yake kamati ikakaa. Vyombo viende stoo, mlango uwekewe kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa katibu na mwingine kwa mzee wa kanisa. Kijana akitaka kufanya mazoezi aandike barua. Barua ijadiliwe. Kikao kijacho ni baada ya mavuno! Ikawa vyombo vinatoka Krismasi na Pasaka tu, na siku hizo nani anajua kuvipiga? Alitafutwa mtu wa kukodi kutoka mjini, akalipwa, akaondoka.

Ile stoo ilikuwa na mifuko ya saruji upande mmoja na mahindi upande wa pili. Mvua za msimu wa kwanza zikapita, na za pili. Ilipofunguliwa, nyuzi zilikuwa zimeota kutu nyekundu, shingo ya besi imepinda kama upinde, panya wametafuna waya wa amplifaya, na ukizungusha kitufe cha sauti kinakwaruza kama redio ya mkulima. Kamati ikaandika kwenye muhtasari kwamba vijana hawana utunzaji. Vijana gani? Waliogusa lini?! Hakuna mtu aliyeiba kitu pale, kufuli zilikuwa salama salimini zote mbili. Na yule dogo aliyekuwa anaandika barua kila mwezi ili ajifunze solo, aliacha. Leo anaendesha bajaji, kazi halali na simdharau, lakini alikuwa na sikio ambalo mimi sina.

Mnaosoma fizikia nisaidieni kuwaeleza wenzenu. Gitaa la umeme siyo jiwe. Nyuzi ni chuma, chini yake kuna pikapu (siyo gari, ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu), na uzi ukitikisika pale juu ya sumaku ndipo unazaliwa umeme mdogo unaokwenda kwenye amplifaya. Vitufe na tundu la waya visipoguswa muda mrefu vinashika ukungu na kutu, ndiyo ile mikwaruzo. Ukivizungusha kila siku vinajisafisha vyenyewe. Halafu anayepiga kila siku ndiye anayejua uzi namba tatu umeanza kulia tofauti, shingo imeanza kusogea. Aliyefungia anajua baada ya miaka miwili, wakati fundi naye anatikisa kichwa.

Na hii tabia ya ufunguo kukaa kwa mtu asiyepiga haikuanza na kamati ile. Muziki wa dansi wa nchi hii ulijengwa kwa magitaa ambayo wapigaji wengi hawakuyamiliki. NUTA Jazz ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, vyombo vya chama, mshahara wa chama, na jina lilipobadilika bendi nayo ikabadilika: JUWATA, OTTU, mpaka Msondo Ngoma. Hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini, miaka ya 1980, Iringa ilikuwa na Tancut Almasi Orchestra. Kiwanda cha kuchonga almasi kina bendi, tena bendi kali! Na Remmy Ongala je? Matimila lilikuwa jina la mfanyabiashara mwenye vyombo. Siyo jina la mwimbaji, siyo la mpiga solo, ni la mwenye magitaa. Mwanamuziki akihama bendi anaondoka na vidole vyake tu.

Mimi utaratibu ule siupendi. Lakini wenye vyombo wale wana jambo moja wanalowashinda washauri wangu: magitaa yao yalipigwa. Mazoezi mchana, dansi usiku, safari kwenye magari mabovu, vumbi, jasho. Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walifika Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70 mwaka 1970. Mnadhani vidole vile vilinolewa kwenye gitaa lililofungiwa kwa baba mdogo?

Baadaye mashirika yakayumba, bendi nyingi zikafa, na sasa tuangalie tulichobaki nacho. Kila bonanza, kila sherehe ya kukaribisha mwaka wa kwanza, mtu anapanda jukwaani, DJ anafungulia wimbo wa mtu huyo huyo, naye anaimba juu ya sauti yake mwenyewe. Pleibeki! Akichoka anaelekeza maiki kwa watu na wimbo unaendelea bila yeye, hahaha. Tunamcheka, lakini tumtendee haki. Atampata wapi mpiga solo? Vijana wangejifunzia wapi? Vyombo viko stoo vinasubiri kikao. Ndiyo maana hili kwangu siyo jambo dogo la gitaa moja la mtumba. Kila gitaa linalofungiwa mkoa huu kuna dogo mahali fulani anayeandika barua.

Mtasema kulipiga kila siku ni kutolithamini. Haya. Mwaka 1949 B.B. King alikuwa anapiga kwenye ukumbi mmoja huko Twist, Arkansas. Kulikuwa na baridi, wakawasha mafuta ya taa ndani ya pipa katikati ya ukumbi. Wanaume wawili wakapigana, pipa likapinduliwa, moto. Watu wote wakatoka, yeye akiwemo, kisha akakumbuka gitaa, akarudi ndani ya moto kulichukua. Kesho yake akasikia kwamba wale wawili walikuwa wanamgombea mwanamke aitwaye Lucille, basi gitaa akaliita Lucille, na yote yaliyofuata akayaita hivyo hivyo. Huyo ndiye anayethamini, na huyo huyo alipiga usiku hadi usiku mpaka uzee. Willie Nelson naye ana gitaa alilolinunua mwaka 1969, amelipiga mpaka limetoboka tundu, na bado analo.

"Ilomba wataiba." Hii hoja naiheshimu, tofauti na zile nyingine. Wizi upo, tusidanganyane, na mlango wangu mnaujua. Lakini anayelitundika ukutani mbele ya dirisha na kulipiga picha kila wiki ndiye anayemwita mwizi. La kwangu halionekani. Nilimwendea fundi seremala, akanitengenezea boksi la mbao za paina, zile za Sao Hill, nikalitandika blanketi kuukuu ndani, likawekwa bawaba na kufuli, na mnyororo unaolifunga kwenye kitanda cha chuma. Namba yake iliyoandikwa nyuma nimeipiga picha pamoja na karatasi ya mauziano, nikajitumia kwenye barua pepe, ili likionekana sokoni siku moja nisibishane kwa maneno matupu. Kufuli hiyo ina ufunguo mmoja na anao mpigaji. Inafunguka kila siku!

Kibaya zaidi ya mwizi hapa Mbeya ni hali ya hewa. Tuko kama mita 1,700 juu, mvua zinaanza Novemba mpaka Aprili, kisha baridi ya Juni na Julai, kisha ukavu na vumbi mpaka Oktoba. Mbao inakunywa maji na kuyatema. Watengenezaji wanapenda unyevu wa hewa uwe asilimia 45 mpaka 55 hivi, na chumba cha kupanga hakijui hesabu hiyo. Kwa hiyo boksi langu haliegemei ukuta wa nje, limewekwa juu ya tofali mbili lisiguse sakafu, na ndani natupia vile vipakiti vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vinanyonya unyevu. Nyumba isiyo na dari, juu karibu na bati usiweke kabisa, mchana pale panaoka mkate. Nikimaliza kupiga nafuta nyuzi kwa kitambaa kikavu cha pamba, maana jasho la mkono ndilo linaloleta kutu. Betri ya pedali natoa, ikivuja ndani imekula kila kitu. Umeme ukikatika nachomoa amplifaya, kwa sababu unavyorudi mnaujua wenyewe.

Na likizo ndefu, kwa wale mnaodhani kulegeza nyuzi zote ndiyo kulipumzisha, acheni! Ndani ya shingo kuna nondo nyembamba inayovutana na nyuzi. Ukizitoa zote kwa miezi, nondo inabaki inavuta peke yake na shingo inaweza kupinda kinyume. Legeza kidogo tu, basi.

Hayo yote yananichukua dakika tano. Zinazobaki ni raha. Washauri wangu hawajui kwamba gitaa la umeme bila amplifaya ndilo chombo cha kistaarabu kuliko vyote kwenye nyumba ya kupanga. Usiku wa manane napiga, na mpangaji wa chumba cha pili hasikii kitu, wakati sabufa yake naisikia mimi mpaka kwenye meno. Kuna jioni niliwasha amplifaya kidogo, nikasikia hodi. Alikuwa mzee jirani yetu, mstaafu. Nikajua kesi imekuja. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitika marahaba, akavuta ndoo akaikalia. "Mwanangu, hiyo ridhimu unaikimbiza. Dansi haikimbizwi. Anza tena." Nikaanza tena. Alikuwa anagonga goti kwa vidole, kila nikiwahi anatikisa kichwa. Tukakaa mpaka saa mbili usiku, na tangu siku hiyo anakuja Jumatano. Hajui kupiga hata uzi mmoja. Lakini ana miaka ya dansi masikioni mwake, na hakuna video ya mtandaoni iliyonisaidia kama yeye. Sasa niambieni, gitaa lingekuwa kwa baba mdogo mzee huyu angegonga mlango gani?

Jumamosi hii kuanzia saa kumi jioni nitakuwa uani na amplifaya yangu ndogo, Tanesco wakipenda. Anayetaka kujaribu aje, hata kama hajawahi kushika. Masharti ni mawili: unawe mikono, na uvue mkanda wenye chuma kikubwa maana unakwaruza mgongo. Kama una kaptula ya mpira njoo nayo hiyo hiyo. Na wewe rafiki yangu wa kabati la baba mdogo, usijifiche, nimekuwekea nafasi. Utashika ridhimu, mzee atakuwepo.