Jeli ya Kupima Unyevu: Chimba Kwanza Ndipo Uiamini

Vijana wangu wa nyanya na matikiti, kiangazi hiki nimeulizwa sana: "Bwana shamba, ile jeli inayovimba inapima unyevu kweli?" Inapima. Lakini inadanganya pia, na uongo wake unakula hela yako ya maji.

Jeli yenyewe ni ndugu wa ile iliyomo kwenye pampasi. Unaitia kwenye kibomba chenye matundu kilichozungushiwa kitambaa, unakifukia kwenye mizizi, kama sentimita 20 hivi, na juu yake unasimamisha kijiti. Udongo ukilowa jeli inavimba, kijiti kinapanda. Ukikauka, kinashuka taratibu.

Huku Makote tuko juu ya uwanda, maji yanasukumwa na pampu kutoka bondeni. Simtanki likiisha unajua mwenyewe shughuli yake. Kwa hiyo kijana mmoja aliponiomba tujaribu, nilikubali haraka. Alikuwa anamwagilia kila jioni kwa sababu juu pamekauka. Kijiti kikaonyesha chini bado pamelowa, akaanza kuruka siku. Nikafurahi, nikajiona mtaalamu!

Kisha akaweka CAN. Kijiti kikashuka, nami nikamwambia amwagilie. Siku mbili mfululizo, jamani. Tulipochimba, udongo ulikuwa tope. Kosa lilikuwa langu: chumvi za mbolea, hasa zenye kalisi, huifanya jeli isinyae hata ikiwa imekaa kwenye maji. Tulimwaga maji, na mbolea nayo ikazama chini ya mizizi.

Sisemi vipimo havifai. Kule Iringa, kwenye skimu za Kiwere na Magozi, wakulima walipewa kipimo kiitwacho Chameleon, kinachowasha taa ya bluu udongo ukilowa, kijani ukiwa wa wastani, nyekundu ukikauka. Wengi waligundua walikuwa wanamwagilia mara nyingi mno, wakapunguza. Ila kile si jeli, na kimetengenezwa kikijua habari ya chumvi.

Ya kwako ya kuunga mwenyewe ijaribu kwanza kwenye tuta moja lisilo na mbolea. Kila asubuhi chimba pembeni, finyanga udongo mkononi, linganisha na kijiti. Ukishaweka mbolea, usikisikilize kabisa mpaka mkono wako ukubaliane nacho.

Yule kijana kibomba chake hajakitoa. Siku hizi anakipita akiwa na jembe, anachimba, halafu ndiyo anarudi kukitazama.