Kimbunga Kinapokaribia Pwani, Mimbari Zisinyamaze

Ijumaa ya Mei 3, 2024, katika mwezi wa Shawwal 1445, Waislamu wa Kariakoo, Gerezani, Upanga na Ilala walikusanyika misikitini kwa swala ya Ijumaa kama ilivyo ada. Siku hiyo hiyo, mashariki ya Mtwara na Mafia, kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kilikuwa kikijikusanyia nguvu juu ya maji ya Bahari ya Hindi. Siku mbili tu kabla yake kilikuwa mgandamizo mdogo wa hewa ambao ni wachache waliokuwa na habari nao. Sasa upepo wake ulikuwa umevuka kilomita 118 kwa saa, kiwango ambacho wataalamu wa bahari yetu huanza kukiita kimbunga kamili. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa ikitoa taarifa baada ya taarifa, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasitishwa. Tunauliza: ni katika mimbari ngapi za jiji hili habari hiyo ilitajwa, siku ambayo watu wengi kuliko siku nyingine yoyote ya wiki walikuwa wamekaa kimya kusikiliza?

Tunauliza si kwa kumlaumu imamu fulani wala msikiti fulani. Tunauliza kwa sababu kimbunga kingine kitakuja, na huenda kisitupe hata hizo siku mbili.

Kimbunga kinavyokua

Kimbunga huishi kwa joto la bahari. Maji yakifikia nyuzi joto 26 na nusu na kupindukia, tena joto hilo likashuka chini hadi kina kirefu, mvuke hupanda kwa wingi, hugeuka mawingu, na katika kugeuka huko hutoa joto linalozidi kuivuta hewa ipande. Ikiwa pepo za juu hazikuja kuukatakata mnara huo wa mawingu, kimbunga huweza kuongeza kasi ya upepo wake kwa kilomita 55 kwa saa au zaidi ndani ya mchana mmoja na usiku wake. Huko ndiko wataalamu wanakokuita kuimarika kwa ghafla, na ndiko kunakowasumbua zaidi. Njia ya kimbunga siku hizi hukisiwa vyema kwa satelaiti na kompyuta, lakini nguvu kitakayokuwa nayo siku ya kutua ni jambo gumu zaidi kulikisia. Wakazi wa Acapulco, nchini Meksiko, waliyaona hayo Oktoba 2023. Dhoruba waliyoambiwa kuwa ni ya kawaida iligeuka katika muda wa siku moja hivi kuwa kimbunga cha daraja la juu kabisa, kikatua usiku watu wakiwa hawajajiandaa.

Wapo wanaosema kwamba hayo ni mambo ya Madagaska na Msumbiji, sisi tuko karibu mno na Ikweta. Ni kweli kwamba karibu na Ikweta vimbunga hukosa msukumo wa kuzunguka, na ndiyo maana hutufikia kwa nadra. Lakini nadra si kamwe. Aprili 15, 1872, zama za Sultani Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha majahazi bandarini na kuing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho. Aprili 1952 kikaja kingine upande wa Lindi. Aprili 2019, wiki sita tu baada ya Idai kuiangamiza Beira, Kenneth kilipita kaskazini ya Ngazija, kikaimarika kwa haraka na kutua Cabo Delgado, jirani kabisa na ndugu zetu wa Mtwara. Na baada ya Hidaya, kabla mwezi ule wa Mei haujaisha, kimbunga Ialy kilipanda kuelekea bahari ya Kenya na Somalia.

Kilichopungua nguvu si uongo

Hidaya kilifika Mafia Jumamosi ya Mei 4, 2024, nguvu zake zikiwa zimeshapungua, na usiku huo ikatangazwa kwamba kimekwisha. Alhamdulillah. Hata hivyo mvua zake ziliijaza Kilwa maji, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika eneo la Somanga, magari yakakwama kwa siku kadhaa. Na nchi ilikuwa imekwisha kulowa. Aprili 25, 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kuwa watu 155 walikuwa wamekufa kwa mafuriko na maporomoko ya mvua za msimu ule. Mwenye nyumba yenye ufa hahitaji tufani kubwa ili kuta zianguke.

Miaka mitatu kabla yake, katika Ramadhani ya 1442, yaani Aprili 2021, tulitahadharishwa juu ya kimbunga Jobo kilichokuwa kikiielekea pwani hii. Nacho kikanyong'onyea kabla ya kufika. Yakafuata maneno ya barazani: wametutisha bure, wamezidisha chumvi, kimbunga chao kiko wapi?

Maneno hayo tunayaona kuwa ni hatari kuliko kimbunga chenyewe. Aliyeambiwa kwamba mto unafurika akahamisha watoto wake, kisha maji yakaishia kizingitini, hakudanganywa. Amenusurika. Amshukuru Mola wake, na amshukuru aliyempa habari. Ole wake mwenye kugeuza rehema ya jana kuwa hoja ya kupuuza tahadhari ya kesho. Qur'ani inatusimulia habari za kaumu ya 'Ad, waliouona wingu likiyaelekea mabonde yao wakafurahi kuwa ni mvua, kumbe ndani yake mlikuwa na upepo wa maangamizi. Na Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alipoona wingu au upepo mkali, wasiwasi ulionekana usoni pake, kwa kuwakumbuka watu hao. Ikiwa mbora wa viumbe hakuichukulia dhoruba kuwa ni mzaha, sisi tunapata wapi ujasiri huo?

Tawakkul si kukaa kitako

Wengine husema: yote ni qadar ya Allah, basi tangazo la nini? Jawabu lake alikwisha kulitoa Sayyidna Umar (r.a.) alipoambiwa kuna tauni Sham akarejea njiani. Alipoulizwa iwapo anaikimbia qadar ya Allah, alijibu kwa maana kwamba anatoka katika qadar ya Allah na kuingia katika qadar ya Allah. Na Mtume (s.a.w.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo ategemee. Nabii Yusuf (a.s.) naye, alipofahamishwa miaka ya neema na miaka ya njaa, hakuwaambia watu wa Misri wangoje yatakayotokea. Aliwaelekeza waweke akiba. Kupata habari ya jambo lijalo na kujiandaa nalo ni katika njia za Manabii.

Lipo jambo jingine ambalo wengi wetu tumelisahau. Katika hadithi sahihi aliyoipokea Ibn Umar (r.a.), Mtume (s.a.w.) alikuwa akimwamuru mwadhini, katika usiku wa baridi, upepo au mvua, awatangazie watu waswali majumbani kwao. Ibn Abbas (r.a.) aliliamuru hilo siku ya Ijumaa yenye mvua, na watu walipostaajabu aliwaambia kwamba alilifanya aliye mbora kuliko yeye. Tuzingatie maana yake. Adhana, ambayo ndiyo alama ya Uislamu katika mji, ilibeba tangazo la hali ya hewa kwa ajili ya usalama wa watu. Basi anayesema kwamba kipaza sauti cha msikiti si mahali pa kutangazia kimbunga, atuambie hoja yake ameitoa wapi.

Tutazame Bangladesh. Novemba 1970, nchi hiyo ikingali Pakistan ya Mashariki, kimbunga kimoja kiliua watu wasiopungua laki tatu. Tokea hapo walijenga majengo ya kukimbilia, wakaandaa maelfu ya watu wa kujitolea, na sauti za misikiti vijijini zikawa miongoni mwa njia za kuwaamsha watu wahame. Vimbunga vikali bado vinawafika, lakini wanaokufa leo ni sehemu ndogo mno ya wale wa zamani. Bahari haikubadilika kuwa pole. Watu ndio waliobadilika.

Wajibu wetu Kariakoo

Huenda mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo akasema Kariakoo haiko ufukweni. Lakini kimbunga hakileti mawimbi peke yake, huleta mvua na upepo. Chini ya Kariakoo liko bonde la Jangwani na Mto Msimbazi, ambao Desemba 2011 ulifurika katika mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 40 jijini. Mitaani mwetu mitaro imezibwa kwa maboksi na mifuko. Vyumba vya chini ya ardhi vimesheheni bidhaa, na humo hulala walinzi na vijana wa mizigo wasio na pengine pa kulala. Mabango, mabati na meza za machinga ni vitu ambavyo upepo mkali huvirusha kama makaratasi. Na mzigo wa Unguja, Pemba na Komoro hupita baharini, pamoja na watu wanaousindikiza.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo yafuatayo, nayo hayahitaji fedha nyingi. Kila msikiti uteue watu wawili waaminifu wa kufuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, hasa miezi ya Machi, Aprili na Mei. Taarifa ithibitishwe kwanza, kama Surat Hujurat inavyotuamrisha katika kila habari, na uvumi wa kwenye simu usisomwe kabisa. Ikithibiti, itangazwe baada ya kila swala kwa lugha nyepesi: kimbunga kiko wapi, kinatazamiwa lini, nani ahame, nani asisafiri. Tangazo lirudiwe kila taarifa mpya inapotoka, kwa kuwa kimbunga cha asubuhi si kile cha jioni, na kikipungua nguvu watu waambiwe pia. Msikiti uwe na orodha ya wazee, wagonjwa na wajane wa mtaa wake, Waislamu na wasio Waislamu, na vijana wa kuwafuata. Madrasa za ghorofani zifunguliwe kwa watakaohama mabondeni. Wafanyabiashara wapandishe bidhaa juu, wazibue mitaro iliyo mbele ya maduka yao, na kabla ya yote wawatoe watu chini ya ardhi.

Serikali nayo ina deni lake. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ipo tangu 2022, lakini haizibui mtaro yenyewe, wala haimzuii mtu kujenga bondeni ikiwa wanaopaswa kuisimamia wamefumba macho. Tutaendelea kulisema hilo. Lakini hatutaifanya kasoro ya wengine kuwa udhuru wa kuacha lililo mikononi mwetu.

Katika Kiswahili chetu hidaya ni zawadi, na kwa Kiarabu ni uongofu. Kimbunga kilichobeba jina hilo kilitupita ubavuni, na jiji likabaki. Zawadi ya namna hiyo hushukuriwa kwa kujiandaa. Tunawaomba maimamu wetu waanze Ijumaa hii hii, bahari ikiwa bado imetulia.

Ewe Mola wetu, tunakuomba kheri ya upepo na kheri uliyotumwa nayo, na tunajikinga Kwako na shari yake. Amin.